Sifa pekee, nafasi za kutengwa, mafunzo au mlango wa ajira: ulinganisho kwa mwajiri wa Uganda

Meneja wa rasilimali watu mjini Kampala anaweza kupokea barua mbili zinazogongana katika wiki moja. Mfadhili wa Ulaya anataka kujua wanawake ni wangapi na watu wenye ulemavu ni wangapi katika orodha ya mishahara, na upo mpango gani wa kuwaongeza. Mshirika wa Marekani anataka tamko la maandishi kwamba shirika haliendeshi mpango unaompendelea mtu kwa rangi au jinsia yake. Kati ya barua hizo yupo mwenye kampuni, ambaye mara nyingi hana ugomvi na upande wowote. Anachotaka ni watu wanaoijua kazi, wasioiba, na wasioondoka baada ya miezi sita. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu hao wawili, meneja na mwenye kampuni, ambao wanapaswa kuamua kama waanzishe mpango wa kuwaingiza kazini watu wa makundi yaliyoachwa nyuma, na uwe wa namna gani.

Chanzo cha mgongano huo kiko mbali nasi, na ni vema kukitaja kwa usahihi kabla ya kuchagua. Nchini Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikataza ubaguzi kazini, na mwaka uliofuata Rais Lyndon Johnson alitia saini amri namba 11246, iliyowataka wakandarasi wa serikali wachukue hatua za makusudi kuhakikisha kwamba watu hawabaguliwi. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, kampuni nyingi kubwa zilipanua kwa haraka mipango yao ya ujumuishi, yaani ya kuwaajiri na kuwapandisha watu wa makundi mbalimbali. Kisha upepo ukageuka. Mwezi Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataza vyuo vikuu kutumia rangi ya mtu katika kuchagua wanafunzi. Mwaka 2024 kampuni kama Ford, Lowe's na Walmart zilipunguza mipango yao, na Meta na McDonald's zikafuata Januari 2025. Tarehe 21 Januari 2025 Rais Donald Trump aliifuta ile amri ya 1965, akaagiza pia kwamba wanaopokea ruzuku na mikataba ya serikali yake wathibitishe kuwa hawaendeshi mipango inayokiuka sheria za Marekani dhidi ya ubaguzi. Si wote waliorudi nyuma: mwezi huohuo wanahisa wa Costco walilikataa, kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura, pendekezo la kuitaka kampuni yao itoe ripoti kuhusu hatari za mpango wake wa ujumuishi.

Uganda inaanzia mahali pengine kabisa. Katiba ya 1995, katika ibara ya 21, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, rangi, kabila, kuzaliwa, imani, hali ya kijamii au kiuchumi, maoni ya kisiasa au ulemavu. Kisha, katika ibara ya 32, inaiagiza dola ichukue hatua za kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu au sababu nyingine iliyoletwa na historia, mila au desturi. Tena hakuna kabila lenye wingi wa kupita nusu: katika sensa ya 2014 Baganda, ambao ni wengi kuliko kabila lolote jingine, walikuwa kama asilimia 16.5 tu ya wananchi. Kwa hiyo mgawanyo wa wengi na wachache, ambao ndio mhimili wa ubishi wa Marekani, hauhamishiki hapa kama ulivyo. Kinachowagawa watu kazini Uganda ni kujuana. Nafasi hupita kwa simu, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kutoka kwa mwanakwaya kwenda kwa mwenzake, kutoka kwa aliyesoma shule fulani kwenda kwa mdogo wake wa shule hiyohiyo, na tangazo, kama litatoka, hutoka wakati kiti kimeshapata wa kukikalia. Naamini kwamba mwajiri wa hapa anayeiga mpango wa Marekani, na yule anayeshangilia kufutwa kwake, wote wawili wanajibu swali ambalo halikuulizwa katika ofisi yao.

Vigezo vya kupimia

Swali la kwanza, ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote, ni hili: watu wanapotelea wapi? Wapo wanaopotea kabla ya kuomba, kwa kuwa hawakusikia kwamba kuna nafasi. Wapo wanaopotea kwenye mchujo wa karatasi. Wapo wanaopotea katika chumba cha usaili. Na wapo wanaoajiriwa vizuri kisha wakakwama chini kwa miaka, au wakaondoka baada ya kujifungua. Kila moja kati ya njia nne zifuatazo hutibu sehemu fulani ya upotevu huo na kuiacha nyingine kama ilivyo. Kigezo cha pili ni gharama, ya fedha na ya muda wa watu. Cha tatu ni sheria. Cha nne ni mapokezi ya wafanyakazi waliomo, kwa maana mpango unaowafanya watu wanung'unike kila mwisho wa mwezi hauishi muda mrefu. Cha tano ni kipimo: baada ya mwaka mmoja, mwajiri atajuaje kama kuna kilichobadilika?

Sifa pekee, bila mpango wowote

Hoja ya upande huu hudharauliwa kirahisi, nayo haistahili dharau. Anayesema kwamba anaajiri anayeiweza kazi, basi, anasema jambo ambalo wafanyakazi wengi, wakiwamo wanawake na watu wenye ulemavu, wanalitamani kwa dhati: kuingia kazini bila mtu kunong'ona kwamba wameingia kwa kuhurumiwa. Katika nchi ambayo historia yake imeona vyeo vya jeshi na vya serikali vikigawanywa kwa kabila, kuna busara pia katika kukataa kuhesabu makabila ofisini, kwa sababu hesabu hiyo ikishaanza, kila uteuzi utasomwa kwa jicho hilohilo. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, Juni 2025, iliamua kwa kauli moja kwamba mtu wa kundi la wengi anayelalamika kubaguliwa asidaiwe ushahidi mzito kuliko wa mwenzake wa kundi la wachache, na msingi huo wa kinga moja kwa wote ni mgumu kuupinga.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haigusi kabisa upotevu wa kabla ya kuomba. Sifa hupimwa kwa waliofika mezani tu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, husema mwenye duka anayemwajiri mpwa wake, naye ana sababu: fedha za mauzo zikipotea, mpwa ana mama, ana kijiji, ana mahali pa kuulizwa, ilhali mgeni anaweza kuzima simu akatokomea. Hiyo ni hesabu ya kibiashara ya kweli, na sioni haki ya kuiita ufisadi. Ila mwajiri huyo asijiambie kwamba anaajiri kwa sifa. Anaajiri kwa dhamana ya ukoo, na bei anayoilipa ni kutowaona kamwe watu bora walio nje ya ukoo huo.

Gharama yake ni ndogo kuliko zote. Kisheria, kutokuwa na mpango hakumwondolei mwajiri wajibu wowote: Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi, inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Mapokezi huwa shwari pale ambapo wafanyakazi wanaona kwa macho yao kwamba mlango uko wazi, na huwa machungu pale ambapo neno sifa linatumika kufunika kujuana. Kipimo ndicho kigumu, kwa kuwa hakuna kinachohesabiwa. Lakini lipo jaribio moja la nusu saa. Chukua orodha ya watu kumi wa mwisho kuajiriwa, na mbele ya kila jina andika mtu huyo aliisikiaje nafasi. Ukikuta karibu wote waliambiwa na mtu aliyemo ndani, basi sifa zilipimwa katika duara dogo sana.

Njia hii inaifaa biashara changa na karakana ya watu wanane au kumi, kama zile za mtaa wa Katwe mjini Kampala, ambako mwenye mali anamjua kila mmoja na kosa moja la ajira linaweza kuifunga biashara. Inaifaa pia taasisi kubwa ambayo tayari inatangaza kila nafasi na kusaili kwa utaratibu ulioandikwa.

Nafasi za kutengwa na malengo ya idadi

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno. Nafasi ya kutengwa ni kiti ambacho mtu wa kundi fulani tu ndiye anayeweza kukikalia. Lengo la idadi ni nia iliyoandikwa, kwa mfano kwamba ifikapo mwaka fulani theluthi moja ya wasimamizi wawe wanawake, huku kila kiti kikigombewa na wote. Nafasi ya kutengwa huleta matokeo ya haraka na ugomvi wa haraka. Lengo huchelewa, na mwajiri asiye na nia huweza kulisahau kabatini.

Wananchi wa Uganda wameishi na njia hii kwa miaka zaidi ya thelathini. Kila wilaya ina mbunge wake mwanamke, theluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa ni vya wanawake, na mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana wanaoomba nafasi alama 1.5. Wakati huo wasichana walikuwa takribani robo ya wanafunzi, nao wakakaribia nusu katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata, ingawa kufunguliwa kwa milango kwa wanaojilipia ada kulichangia pia. Ukosoaji uliorudiwa mara nyingi ni kwamba alama hizo zilimfaa zaidi binti wa shule nzuri ya Kampala au Wakiso, aliyekuwa anakaribia kufaulu tayari, kuliko binti wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambaye hakukifikia kidato cha sita. Norwei nayo ilitunga sheria mwaka 2003 ya kutaka asilimia 40 ya wajumbe wa bodi za kampuni kubwa za hisa wawe wanawake, na ilipofika 2008 idadi hiyo ilikuwa imefikiwa. Hata hivyo wanauchumi walioifuatilia hawakuona manufaa makubwa kwa wanawake wa ngazi za chini katika kampuni hizohizo. Funzo tunalolipata kwa nchi hizi mbili ni lilelile. Kutenga nafasi humwinua aliye karibu na mlango ndani ya kundi lililotajwa, na walio mbali zaidi katika kundi hilohilo hubaki walipo.

Kwa upande wa sheria, majirani zetu wamechagua kusukuma. Kenya, kwa sheria yake ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya 2008, imekataza taasisi ya umma kuwa na wafanyakazi zaidi ya theluthi moja kutoka jamii moja ya kikabila. Tanzania, kwa sheria ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Uganda, kwa kampuni binafsi, imeelekea zaidi kuvuta: mwajiri ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu ni watu wenye ulemavu hupunguziwa asilimia 2 ya kodi ya mapato anayodaiwa. Si fedha nyingi kwa kampuni ndogo, lakini kwa kiwanda chenye faida nono ni jambo la kumweleza mhasibu. Sensa ya 2014 ilikuta kwamba asilimia 12.4 ya watu wa umri wa miaka miwili na zaidi wana ulemavu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba hawapatikani.

Gharama yenyewe huja baada ya kuajiri, na hapo ndipo nimeona mipango mizuri ikiharibika. Kiziwi anayeajiriwa ili asilimia itimie, kisha akaketishwa katika kikao cha Jumatatu asubuhi bila mkalimani wa lugha ya alama, hukaa saa nzima akitazama midomo ya watu, na mwishoni jirani yake humwandikia sentensi mbili kwenye kona ya daftari. Msichana wa kiti cha magurudumu anayepewa kazi katika jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti hubebwa na walinzi asubuhi, na kuanzia hapo hanywi maji mchana kutwa, kwa sababu choo kiko chini. Wote wawili wamehesabiwa katika ripoti. Mwajiri anayetenga nafasi bila kutenga fedha za mkalimani, za njia ya mteremko na za choo amemwalika mtu aje kuaibika.

Mapokezi ni magumu kuliko ya njia nyingine yoyote, nami ningemsihi mwajiri binafsi asithubutu kutenga nafasi kwa kabila. Katiba inaorodhesha jamii za asili 65. Kampuni ya watu arobaini haiwezi kuzigawia viti, na ikijaribu itakuwa imeileta siasa ya mgao mezani pa chakula. Kwa jinsia na ulemavu hali ni tofauti, kwa kuwa mgawanyo ni bayana na sheria inauunga mkono. Kipimo ni chepesi, namba zinaonekana. Hatari ni kuziridhikia.

Njia hii inamfaa mwajiri ambaye amefungua mlango kwa miaka kadhaa na bado haoni mwanamke hata mmoja katika menejimenti, au taasisi ambayo uso wake mbele ya umma ni sehemu ya kazi yake, kama benki inayohudumia vikundi vya wanawake vijijini.

Mafunzo ya kubadili mtazamo

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi na yenye ushahidi dhaifu zaidi, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Mkufunzi hukodishwa, ukumbi wa hoteli hulipiwa, na kwa siku moja au mbili wafanyakazi huzungumza juu ya dhana walizolelewa nazo kuhusu makabila, wanawake, dini na ulemavu. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev, ambao kwa miaka mingi wamefuatilia takwimu za mamia ya kampuni za Marekani, walikuta kwamba mafunzo ya lazima hayakuongeza idadi ya wanawake wala ya watu weusi katika uongozi, na mara nyingine yalifuatiwa na kupungua, kwa sababu watu wazima wanaosukumwa ukumbini huona wanashutumiwa. Yale ya hiari yalifanya vizuri zaidi.

Yapo mambo mawili ambayo mafunzo huyaweza. La kwanza ni maarifa ya sheria: msimamizi ambaye hajui kwamba mama ana haki ya siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo, na baba siku 4, atawakosea bila kukusudia. La pili ni stadi mahususi, kama kusaili kwa maswali yaliyopangwa au kuzungumza na mwenzako kiziwi. Gharama ni ya wastani, sheria haina kizuizi, na kipimo karibu hakipo, isipokuwa fomu za kuridhika ambazo hujazwa wakati wa chai. Yanamfaa mwajiri ambaye tayari ameamua jambo jingine na anahitaji watu wake wajue kulitekeleza.

Kurekebisha mlango na ngazi

Njia ya nne haimtaji mtu wala kundi. Inabadili namna nafasi inavyotangazwa, karatasi zinavyosomwa, usaili unavyoendeshwa, na waliomo wanavyopandishwa.

Tuanze na karatasi. Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio lao la kutuma takribani wasifu 5,000 wa kubuni kwa matangazo ya kazi ya Boston na Chicago. Wasifu wenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu ulipata simu kwa asilimia 50 zaidi ya wasifu wenye majina yanayosikika kuwa ya watu weusi, ingawa sifa zililingana. Uganda majina husema mengi zaidi. Weka mezani maombi ya Okello, Tumusiime, Nakato na Adriko, na msomaji wa hapa ameshajua kila mmoja anatoka upande gani wa nchi kabla hajasoma mstari wa pili. Tena fomu nyingi bado zinauliza wilaya ya nyumbani, jina la baba, dini na hali ya ndoa, na kudai picha ya pasipoti ibandikwe kwenye kona ya juu, wakati hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema kama mtu anaweza kupatanisha hesabu za benki. Kuviondoa hakugharimu kitu. Jina linaweza kufunikwa na karani kwa namba kabla ya mchujo. Shule ya sekondari ingefunikwa pia, kwa kuwa kwetu jina la shule hueleza ukanda na mfuko wa mzazi kwa pamoja.

Kisha usaili. Tafiti za saikolojia ya kazi zimeonyesha kwa miongo mingi kwamba usaili wenye maswali yaleyale kwa wote, na jaribio la kazi yenyewe, hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huru. Fundi afunge pampu. Mhasibu apewe vocha ishirini na saa moja. Ningeongeza kanuni moja inayotokana na adabu zetu: kila mjumbe wa jopo aandike alama zake peke yake kabla ya mtu yeyote kusema, na mkubwa wa jopo azungumze wa mwisho. Mkurugenzi akishatamka kwamba kijana huyu amempendeza, hakuna mdogo wake atakayempinga, na alama zitakazoandikwa baada ya hapo ni za mkurugenzi, zikirudiwa kwa miandiko minne.

Tangazo nalo lisafiri. Redio za Arua, Gulu na Moroto, mbao za ofisi za mitaa, makanisa na misikiti, na vyama vya watu wenye ulemavu chini ya NUDIPU, muungano wao wa kitaifa, huwafikia watu ambao gazeti la Kiingereza haliwafikii. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki yao ya kufanya kazi. Mwajiri anayehitaji wahudumu wazungumzao Kiswahili na Kifaransa ana walimu, wauguzi na wahasibu Wakongo ambao hawajawahi kuona tangazo lake.

Ngazi ni sehemu ya pili. Utafiti wa Kalev, Dobbin na Erin Kelly wa 2006, uliohusu kampuni 708, ulikuta kwamba kilichobadili uongozi zaidi ni kumkabidhi mtu au kamati wajibu unaojulikana, huku kumpatia mfanyakazi mlezi wa kikazi, yaani mtu mzoefu wa kumwongoza, kukileta manufaa ya wastani. Shirikisho la Waajiri wa Uganda limeendesha kwa ushirikiano na wenzao wa Norwei programu ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi na kwa bodi, na mwajiri asiye na walezi wa ndani anaweza kuanzia huko.

Gharama kubwa hapa ni muda: usaili wa namna hii huchukua maandalizi ya siku kadhaa. Sheria inaafiki kikamilifu, na ndiyo njia ambayo mshirika wa Marekani na mfadhili wa Ulaya wanaweza kuipokea bila kugombana. Upinzani hutoka juu, kwa wakubwa ambao kijijini kwao wanategemewa kuwatafutia vijana kazi, nao hawapaswi kudhihakiwa, kwa sababu mzigo huo ni mzito na ni wa kweli. Utaratibu ulioandikwa huwapa jibu la heshima mbele ya ndugu: mtoto aombe, jopo ndilo litakaloamua. Kipimo ni bora kuliko cha njia nyingine, kwa kuwa unaweza kuhesabu waliosikia, walioomba, waliochujwa, waliosailiwa na waliopanda.

Kasoro yake ni kwamba haimuumbi mwombaji asiyekuwapo. Kama chuo cha ufundi hakitoi wasichana wa kuchomelea vyuma, mlango safi utaendelea kuingiza wavulana watupu. Inamfaa mwajiri wa wastani na mkubwa anayeajiri mara kwa mara.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Ukiwa na watu chini ya kumi na tano na unaajiri mmoja au wawili kwa mwaka, baki na sifa pekee, lakini chukua vitu viwili kutoka njia ya nne: jaribio la kazi, na angalau mwombaji mmoja asiyejulikana na mtu yeyote aliyemo. Dhamana ya uaminifu inaweza kupatikana kwa barua ya mwajiri wa zamani na kipindi cha majaribio badala ya undugu.

Ukiwa unaendesha kiwanda cha Namanve au Jinja chenye mamia ya watu, na waliomo wanatoka upande mmoja wa nchi kwa sababu msimamizi wa zamu ndiye anayeleta vijana, fungua mlango kwanza na uache habari za idadi kwa mwaka mmoja au miwili. Ukitangaza lengo la kikabila utawafanya waliomo wajihisi wanafukuzwa. Kwa jinsia na ulemavu lengo linaweza kuanza mapema, likitanguliwa na choo, njia ya mteremko na usafiri salama wa zamu ya usiku.

Ikiwa wanawake wanaingia kwa wingi lakini hawapandi, usipoteze fedha kwenye mlango. Tazama orodha ya waliochukua likizo ya uzazi katika miaka mitano iliyopita na uone ni wangapi bado wapo, katika cheo gani, na mkataba wa nani haukufanywa upya. Hapo walezi wa kikazi pamoja na lengo la idadi kwa nafasi za usimamizi vina maana, na mafunzo mafupi kwa wasimamizi kuhusu sheria yatasaidia.

Ikiwa tatizo ni maneno, yaani utani wa kikabila, dharau kwa mwenye kifafa, mikono isiyotulia ya bosi, basi wala mlango wala idadi haitatosha. Unahitaji utaratibu wa malalamiko unaoaminika, adhabu inayomfikia hata mkubwa, kisha mafunzo, kwa mpangilio huo. Mfanyakazi asiyesikilizwa ndani anaweza kwenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya au kwa Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007.

Ukipokea fedha za Marekani na za Ulaya kwa wakati mmoja, mwombe wakili asome maneno halisi ya mikataba yote miwili kabla hujafuta au kuongeza chochote, kwa sababu agizo la 2025 linalenga mipango inayokiuka sheria za Marekani. Kumwekea mfanyakazi mwenye ulemavu mazingira yanayofaa ni wajibu hata katika sheria ya Marekani yenyewe tangu 1990, na kutangaza kazi kwa upana hakumpendelei mtu.

Na kama hujui watu wanapotelea wapi, usinunue mpango wowote bado. Kwa nafasi tatu zijazo andika mambo manne tu: aliyeomba alisikia wapi, alitolewa katika hatua gani, nani alimtoa, na kwa sababu gani iliyoandikwa siku hiyohiyo. Mpe kazi hiyo mtu mmoja asiyekaa katika jopo, na orodha yake iletwe kwenye kikao cha bajeti pamoja na bei za wakufunzi na za wajenzi.